Old Moshi kwa baiskeli ya mlimani: uzoefu wangu wa siku moja makorongoni

Nimezaliwa Moshi, nimekulia Pasua, na mpaka Agosti mwaka huu Old Moshi, kule juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilikuwa naijua kupitia dirisha la gari. Misiba, harusi, ubarikio. Unapanda, unakula, unashuka na giza. Safari hii nilipanda kwa baiskeli ya kukodi na nikateremka makorongo mawili hadi majini. Tangu niweke picha, watu wananiuliza kama hela ile inalipa. Inalipa. Ila kuna suala la breki ambalo sitalifunika, nitalifikia.

Nilichukua huduma ya siku nzima kwa kampuni moja ndogo hapa mjini. Bei ya mkazi ilikuwa shilingi 80,000 kwa mtu, ndani yake baiskeli, helmeti, mwongozaji, maji ya kunywa na chakula cha mchana nyumbani kwa watu. Wageni wana bei yao, nayo ni kubwa, kwa hiyo ukipiga simu sema mapema kwamba wewe ni mkazi. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Dodoma, na kijana mwongozaji ambaye ni mzaliwa wa Kidia, hukohuko Old Moshi.

Baiskeli ya kwanza niliyopewa ilikuwa na fremu ndefu mno. Nikikaa, ncha za vidole ndizo zinazogusa chini. Nikasema. Fundi wao hakununa, akanitolea nyingine, akashusha siti, kisha akaniambia nikanyage pedali mpaka chini ili aone goti langu linakunjika kiasi gani. Alitaka libaki limekunjika kidogo tu. Nimeendesha baiskeli tangu utoto, ile Phoenix nyeusi ya babu, na hakuna mtu aliyewahi kuniangalia goti. Jioni nilielewa maana yake, kwa sababu mapaja yaliniuma lakini magoti yalikuwa salama. Halafu akapunguza upepo kidogo kwenye tairi zote mbili. Usiku ule kulikuwa na manyunyu huko juu, na tairi lililojaa sana hurukaruka kwenye mizizi na kuteleza kwenye tope.

Tulitoka saa mbili asubuhi, tukapita Kiboriloni wakati wauza mitumba wanafungua marobota, tukakata kushoto. Kuanzia hapo ni kupanda, karibu kilomita 10, na mlima haukupi nafasi ya kujidanganya. Kijana alinipa somo moja ambalo lilinibeba siku nzima: badilisha gia kabla mlima haujakubana. Ukisubiri mpaka miguu imekwama ndipo ubonyeze, cheni inalia, inaruka, na wewe umeshasimama. Bodaboda walitupita wakitupigia honi, watoto wakatusindikiza mbio, na kila baada ya kona chache hewa ilibadilika. Chini tulikuwa tunatoka jasho. Juu, kwenye kivuli cha migomba na miringaringa, nilivaa sweta.

Njiani nilimuuliza kijana kwa nini Moshi ziko mbili. Akanijibu huku anakanyaga, bila kuhema. Moshi yenyewe ni huku juu, kwa Mangi Rindi (mangi ni mtawala wa Kichaga). Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mji mpya ulikua kandokando ya stesheni na kuchukua jina. Huku pakabaki kuitwa Old Moshi. Ina maana sisi wa mjini ndio tuliohamia jina la watu. Nimeishi na jina hilo miaka 41 bila kuuliza.

Tulipofika Tsudunyi, mahali pa kumbukumbu hukohuko Old Moshi, tulilaza baiskeli kwenye nyasi. Nataka kueleza sehemu hii vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niipe huduma hii sifa zake.

Nilikuwa nimeogopa maelezo ya kukariri. Kijana yule hakukariri. Alisimama karibu na sanamu ya Mangi Meli, akasimulia kama mtu anayesimulia habari za nyumbani kwao. Rindi alifariki mwaka 1891, na Meli akarithi kiti akiwa bado kijana. Juni 1892 jeshi la Wajerumani lilipanda huku, watu wa Meli wakalishinda. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi wakiwa na nguvu kubwa zaidi, na Moshi ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa hapa Tsudunyi pamoja na viongozi wengine 18, wakiwemo wa Meru na Arusha, kwa tuhuma za kula njama. Kichwa chake kikakatwa, na inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Familia imekidai miaka na miaka. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule na ndugu walio hai wa Kilimanjaro. Moja linaaminika kuwa la mshauri wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Binamu yangu ni mwongeaji sana. Pale hakusema neno. Kijana naye hakutuharakisha, alikaa kwenye jiwe akanywa maji, akatuacha. Tulikaa kama dakika arobaini. Nimewahi kupelekwa sehemu za kihistoria kwa gari, mtu anaangalia saa kwa sababu ratiba ina vituo vitano. Hawa wameweka kituo kimoja wakakipa muda wake, nami nawapongeza kwa hilo.

Kutoka hapo njia inaingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kuteremka kuelekea korongo la kwanza. Ni nyembamba, huku na huku kuna ua wa masale, mimea ya kuwekea mipaka, chini udongo mwekundu uliolowa na majani ya migomba. Kijana alitusimamisha kwanza, akatufundisha: makalio nyuma ya siti, pedali mbili zilingane, visigino chini, breki zote mbili kwa kidole kimoja au viwili, na ya mbele usiikamate ghafla hata ukiogopa vipi. Maelezo safi kabisa. Nikaanza kushuka.

Katikati ya mteremko breki yangu ya nyuma ikafika mwisho. Nilibonyeza, mkono wa breki ukagusa usukani, na baiskeli ikaendelea kwenda. Nilipiga kelele, nikateremsha mguu, nikajiegemeza kwenye ua wa masale mpaka nikasimama. Sikuumia. Lakini hatua chache mbele njia inakata kona, na baada ya kona ni bonde tupu.

Kijana alipanda mbio akaikagua. Zilikuwa breki za diski za kuvutwa kwa waya. Waya ulikuwa umelegea, na pedi zimelika mpaka zimebaki nyembamba kama ukucha. Akakaza waya kwa kifaa alichokuwa nacho mfukoni, kisha akanipa baiskeli yake, yenye breki za mafuta, yeye akachukua yangu na kushuka nayo taratibu mbele yetu. Ni uungwana na ninamshukuru. Hata hivyo uungwana wake haufuti kosa la waliomtuma. Ukaguzi uliofanyika mteremkoni ulipaswa kufanyika getini, pale fundi alipokuwa ananiangalia goti. Pedi za breki ni kitu cha kutazama kwa macho, dakika moja haiishi. Mtu akikosa gia Old Moshi atashuka na kukokota, basi. Akikosa breki ni habari nyingine. Kampuni inayopeleka watu kwenye makorongo ya Kilimanjaro inapaswa kuanza na breki kila asubuhi, kwenye kila baiskeli, kabla haijafuta hata vumbi.

Nimesema nililotaka kusema kuhusu hilo.

Chini mtoni maji yalikuwa baridi ya kuuma. Tulibeba baiskeli mabegani, tukavuka kwa kukanyaga mawe, tukapandisha kidogo upande wa pili, na hapo ndipo nilipoupata mfongo. Nimekua nikisikia neno hili kwa mama, sikuwahi kuutembelea. Ni mfereji uliochimbwa na wazee kwa mikono vizazi vingi nyuma. Unachukua maji juu kabisa kwenye mto, unayabeba ubavuni mwa korongo na kuyafikisha kwenye vihamba ambako mto wenyewe ushaingia shimoni na hauwezi kufika. Mahali pengine maji hukusanywa kwanza kwenye nduwa, bwawa dogo, kisha yanafunguliwa kwa zamu.

Kwa mwenye baiskeli mfongo una siri yake. Kila njia Old Moshi ama inapanda ama inashuka, isipokuwa ya kando ya mfongo, kwa sababu njia hiyo imepimwa na maji. Inateremka kidogo sana, kiasi cha kukusukuma bila kukutisha. Tuliendesha hivyo karibu nusu saa, maji yanakwenda pembeni yetu kwa mwendo uleule, migomba juu, korongo chini. Kama ningeambiwa nichague kipande kimoja cha siku ile, ni hicho. Penye ukingo mwembamba kijana alitushusha tukakokota, maana tairi likimega ukingo maji yanapotea na mtu fulani huko chini anakosa zamu yake. Alilisisitiza hilo kuliko kitu kingine chochote, na nikaona kwa nini wenyeji wanawaruhusu kupita.

Tulimkuta mzee mmoja na jembe akizibua tope. Nikamwamkia, akaitika, kisha akauliza swali ambalo kila mzee wa huku huuliza: wewe ni wa nani? Nikamtajia ukoo wa mama. Akaweka jembe chini, akanyoosha mkono ng'ambo ya korongo, akanionyesha mgrivea mkubwa. "Pale ndipo kwenu. Bibi yako alikuwa anateka maji ya mfongo huu huu." Mama alishaniambia walitoka Old Moshi, lakini hakuwahi kunionyesha mahali. Nilipiga picha mti ule mara nyingi kuliko nilivyopiga kitu kingine.

Chakula tulikula kwa mama mmoja ambaye kampuni inamlipa moja kwa moja. Nilimuuliza faragha, akathibitisha analipwa siku hiyohiyo. Mtori mzito, kiburu cha ndizi na maharage, parachichi la kutoka mti wake mwenyewe. Ilikuwa msimu wa kuvuna kahawa, uani kulikuwa na mashine ya mkono ya kumenya na kahawa imeanikwa kwenye chekecheke. Alitukaangia kidogo, akatwanga, akachemsha. Baba yake alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, na kitabu chake cha uanachama anakihifadhi kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Akatuletea na mbege, pombe ya ndizi. Kijana akakataa kwa niaba yetu sote, kwa heshima: "Mama, bado tuna korongo moja." Nilitamani, lakini alikuwa sahihi.

Korongo la pili, kuelekea Mbokomu, lilipita vizuri na sina mengi ya kusimulia. Nilikuwa na breki nzuri na nilikuwa nimejifunza kukaa nyuma. Binamu alipata pancha, tyubu ikabadilishwa chini ya dakika kumi. Helmeti yake ilimsumbua siku nzima kwa sababu ya rasta alizosuka, mkanda haukumtosha. Wenye nywele nyingi waulizeni saizi mapema. Mpango wa kumalizia kwenye msitu wa Rau kuuona mvule mkubwa tuliuacha, miguu ilikataa. Tulirudi mjini saa kumi na moja jioni, simu yangu ikisoma kilomita 34.

Kwa anayetaka kwenda: Machi hadi Mei masika inafanya udongo ule kuwa sabuni, subiri Juni. Vaa kaptura yenye pedi au suruali isiyobana, beba sweta hata kama mjini kuna jua, na noti ndogo ndogo za kununulia ndizi mbivu njiani. Kama mwaka mzima hujaendesha, fanya mazoezi wiki mbili za kwenda na kurudi barabara ya tambarare kwanza.

Keshoye niliwapigia simu kuhusu breki. Hawakubishana. Walisema pedi za baiskeli zote zimebadilishwa, na wakaniomba radhi. Oktoba nitarudi na binti yangu, ana miaka 14, nataka mzee wa mfongo amuulize na yeye ni wa nani. Nimeomba kijana yuleyule. Na nimewaambia breki nitazijaribu mwenyewe, moja baada ya nyingine, kabla hatujatoka getini.