Mama, nimebanwa: namna ya kuchagua matembezi ya bandarini ukiwa na watoto

Agosti mwaka jana tulipanda meli ya kitalii katika mji wa Barcelona, mimi, baba watoto na wanetu wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine minane. Kwa siku ya Civitavecchia, bandari ya kwendea Roma, nilinunua matembezi ya basi mle mle melini: euro 69 mtu mzima, 49 mtoto. Karatasi yao ilieleza kila kitu, mwongoza watalii, kiyoyozi, kituo cha kupiga picha Colosseum. Kuhusu choo, hata neno moja.

Kutoka bandarini hadi Roma ni kilomita 70 na ushei. Hatujamaliza hata nusu saa, mdogo akaninong'oneza, "Mama, nimebanwa." Basi lilikuwa na choo, pale chini kwenye ngazi za mlango wa kati, ila kimefungwa kwa ufunguo. Mwongozaji akasema tuvumilie mpaka Vatikani. Tukaingia kwenye foleni. Mtoto kabana magoti, mkono mmoja umeshika wavu wa kiti cha mbele, na hasemi tena. Kuba la Mtakatifu Petro lilipochomoza dirishani watu wakainua simu kupiga picha, na hapo ndipo mwanangu alipojikojolea. Nilimfunga kanga yangu kiunoni. Alizunguka Roma siku nzima na kanga ile, kichwa chini, na hakukubali kupigwa picha hata moja. Mtoto wa miaka mitano aibu anaijua.

Tangu siku hiyo, kabla sijatoa pesa nauliza jambo moja. Mengine mnayajua: bei, saa za kurudi, kwamba basi la meli likichelewa meli inalisubiri, na aliyetoka kivyake anaachwa. Mimi nauliza hivi: tukishuka ngazi ya meli, ni dakika ngapi hadi choo cha kwanza ambacho mtoto atakitumia bila kuomba ruhusa ya mtu? Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, zikizidi 45 sinunui. Nimepanga machaguo yote kwa kipimo hicho.

Ya kwanza ni treni, na nasema waziwazi kwamba naipendelea Trenitalia, shirika la reli la Italia. Pasaka mwaka huu tulirudi Civitavecchia. Basi la bure la bandari lilitufikisha kituo cha mabasi cha Largo della Pace, pale pale tukachukua basi jingine hadi stesheni. Treni ya mkoa ilitufikisha stesheni ya Roma San Pietro chini ya saa moja, na kutoka hapo unaufikia uwanja wa Mtakatifu Petro kwa miguu. Nauli ni kama euro 5. Asiyetimiza miaka minne halipi, na kuanzia minne hadi asiyetimiza kumi na miwili analipa nusu. Mtoto anasimama, anatembea, kigari chake kinaingia bila kukunjwa, na choo kimo humo humo. Mkishapanda tu, baba akae na mizigo, wewe nenda kajaribu mlango wa choo. Kama ni kibovu, hamieni behewa jingine mapema, msingoje mtoto abanwe. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mtatozwa faini. Na wakati wa kurudi ondokeni Roma mkiwa bado na muda wa saa tatu kabla ya mwisho wa kupanda meli.

Ndani ya Roma kwenyewe, ingia baa yoyote, agiza kahawa ya kusimama kaunta, kisha uliza "bagno", yaani choo. Mimi nilikunywa kahawa nne siku ile, na kila moja niliinywa kwa ajili ya mtoto.

Ya pili ni zile bandari ambazo mji unaanzia hapo meli ilipofunga, msipande basi lolote. Genova, huko huko Italia, ni mfano mzuri. Jengo la samaki hai, Acquario di Genova, liko Porto Antico, kama dakika ishirini kwa mwendo wa watoto kutoka melini. Kiingilio si kidogo, mtu mzima hulipa zaidi ya euro 25, lakini kuna kivuli, kuna papa wa kuwashangaza, na vyoo vimo ndani. Valletta, mji mkuu wa Malta, nao nimeupenda sana. Unatembea kando ya maji, unapanda lifti ya Barrakka inayokunyanyua mita 58 hadi bustani ya juu ya ngome, na saa sita mchana mzinga unalia. Kwenye duka la pastizi, vitafunio vya Kimalta, muuzaji alikuwa akimhesabia mteja aliyetutangulia: "sitta, sebgħa..." Mkubwa akageuka kuniangalia, "Mama, anasema Kiswahili!" Kimalta na Kiswahili vyote vimechota namba hizo kwenye Kiarabu, na mwanangu aliendelea kuhesabu mpaka tukarudi melini.

Ya tatu ni gari dogo la kukodi na dereva wake. Ni ghali, lakini ukisema simama linasimama, na vituo vya mafuta vya barabara kuu za Italia vina vyoo. Hakikisheni viti vya watoto vimeandikwa kwenye mkataba, kwa sababu sheria ya Italia inayomtaka mtoto mwenye urefu chini ya sentimita 150 akalie kiti chake haiyabani magari ya kukodi yenye dereva, mradi mtoto akae nyuma pamoja na mtu mzima. Madereva wengi husema "vipo" kwa simu, halafu vinakosekana asubuhi.

Mabasi ya ghorofa ya kupanda na kushuka ni rahisi, lakini hayana choo na juu ni jua tupu. Sina zaidi.

Basi la meli nimeliweka mwisho, na bei yake inaniuma hadi leo. Euro 49 kwa mtoto ambaye hasikilizi maelezo, anayeangalia mgongo wa kiti saa nne kwenda na kurudi! Nilipolalamika nilijibiwa kwamba matembezi yalifanyika kama yalivyotangazwa, na sikurudishiwa hata senti. Dada wa kaunta ya matembezi pale melini nilimuuliza choo cha kwanza kiko wapi. Alipekua karatasi zake mbele na nyuma, akaniambia kwa upole, "Kipo njiani."

Ukipewa jibu hilo, mwombe ataje mahali na dakika, na aliandike nyuma ya tiketi. Akishindwa, mrudishie karatasi yake kabla hujatoa kadi ya benki.