Nouns DAO kwa mbunifu wa Bongo: hela ipo, ila ujue inapitia mlango gani

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke zake. Nouns DAO naipa tatu na nusu kati ya tano kama sehemu ya mbunifu kutafuta kazi, na mbili kama sehemu ya kuweka hela yako. Hayo ni mambo mawili tofauti na ndo hapo wengi wanapopigwa, mtu anasikia jiunge na DAO upige hela, anakimbilia kununua tokeni, yaani sarafu zake za kidijitali, wakati anayelipwa kule mara nyingi ni yule aliyekuja na kazi mkononi wala hajanunua kitu.

Kwa asiyejua, DAO ichukulie kama kikoba ambacho sanduku lake linalindwa na programu badala ya mama mwenye funguo. Hazina iko kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni, kila mtu duniani anaiona imebaki shilingi ngapi, hela haitoki mpaka kura ipigwe, na kura ikipita programu yenyewe inalipa. Hakuna bosi wa kumpigia magoti, ila pia hakuna bosi wa kumpigia simu mambo yakikwama, hilo liweke kichwani.

Sasa Nouns yenyewe. Ilianza Agosti 2021 na utaratibu wake ni wa ajabu kidogo: kila siku kinatoka kijitu kimoja tu cha pikseli 32 kwa 32, kichwa kinaweza kuwa papa, ndizi, nyangumi, chochote kile, ila miwani ya mraba haikosekani, afu kinapigwa mnada masaa 24, mshindi anaondoka nacho na mnada wa kijitu kingine unaanza hapohapo. Ether zote za mnada, yaani sarafu ya blokicheni ya Ethereum, zinaingia hazina. Kila kijitu kinaitwa Noun, na Noun moja ni kura moja. Waanzilishi, akina gremplin aliyechora na Dom Hofmann yule wa Vine, ile app ya video fupi, walijipangia kuchukua kila Noun ya kumi kwa miaka mitano ya kwanza badala ya kukata asilimia kwenye mauzo, kitu ambacho mimi naona ni cha haki kuliko miradi mingi ya kripto niliyoiona. Noun namba 1 iliuzwa ether 613.37, kwa bei ya kipindi kile ni zaidi ya dola milioni moja, kwa katuni. Baadaye bei zilishuka vibaya mno, kwa hiyo asikudanganye mtu anayekuonyesha namba za 2021.

Kama mchoraji kilichonivuta ni leseni. Michoro yao yote ni CC0, yaani wameachia haki zote, hakuna wa kumuomba ruhusa wala wa kumlipa. Ukichapa vitenge vyenye ile miwani ukauza Kariakoo hakuna wa kukushtaki, na wao ndo wanafurahi maana hesabu yao ni kwamba miwani ikionekana kila kona zile Noun za mnada zinapanda hadhi. Ndo maana iliibukia mpaka kwenye tangazo la bia ya Bud Light la Super Bowl 2022, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, na kuna watu wakapewa hela za hazina wakatengeneza miwani halisi ya kuvaa. Ila leseni hiyo inakata pande zote, ukiwafanyia kazi mara nyingi wanategemea na ya kwako uiachie hivyohivyo, kwa hiyo kama una katuni yako unayoilea mwaka wa ngapi sijui na unaota siku moja utaiuzia televisheni, usiipeleke kule hata kidogo. Peleka kitu kipya ulichokichora kwa ajili yao, kitu ambacho hakikuumi kukiachia.

Hela inapatikanaje? Mlango wa kwanza ni raundi ndogo. Walianza nazo kwenye jukwaa la Prop House 2022 na baadaye zikaja sehemu nyingine za namna hiyohiyo: wanaweka mezani ether kadhaa, wanataja mada na siku ya mwisho, wewe unapeleka wazo lako bila kumiliki Noun hata moja, wenye Noun wanapiga kura, wa juu wanagawana. Huu ndo mlango namshauri mtu aliyeko Mwanza au Mombasa na laptop yake ya kuungaunga. Hauhitaji mtaji, unahitaji maelezo mafupi yanayoeleweka na kazi za zamani za kuonyesha, na kiingereza cha kawaida kinatosha, wale jamaa wanaangalia picha kwanza.

Mlango wa pili ni pendekezo kubwa linaloenda moja kwa moja kwenye hazina. Zamani ilibidi uwe na Noun za kutosha au umpate mwenye nazo akupelekee, ila toka maboresho ya 2023 mtu yeyote anaweza kuweka rasimu yake hadharani kisha atafute wenye Noun wa kuidhamini kwa sahihi zao. Malipo yanaweza kuwa ether au USDC ile inayofuata dola, na yanaweza kuja kwa mkupuo au yakawa yanadondoka taratibu kadri muda unavyoenda, wewe unachota unapotaka. Mimi napenda hiyo ya kudondoka, mteja wa hapa mjini atakuzungusha mpaka Ramadhani mbili zipite, pale programu haina cha bosi yuko safari wala fomu iko kwa mhasibu.

Kabla hujapeleka chochote fungua mapendekezo ya zamani usome kura, hiyo ni shule ya bure kabisa. Kila aliyepiga anaonekana, anwani ya waleti yake (pochi ya kidijitali), ana kura ngapi, amesema ndiyo, hapana au amekaa pembeni, na chini yake anaweza kuandika sababu. Hizo sababu ndo dhahabu. Utaona mwingine kazi kaipenda ila fungu la matangazo limemkera, mwingine anauliza mbona mhuishaji katuni analipwa kidogo kuliko meneja wa mradi, mwingine kakataa kwa sababu hakuna tarehe. Ukisoma kama kumi hivi unaanza kujua nani ana kura nyingi na anapenda nini, na bajeti yako unaiandika ukiwa unajua nani ataisoma. Pia hapo ndo utagundua kwamba demokrasia hii ina wenyewe, mtu mmoja mwenye Noun nyingi anaweza kukubeba au kukuzika, na wenye kura wakiwa na mambo yao pendekezo linakufa kwa kukosa akidi hata kama hakuna aliyelichukia.

Na hapa ndo naondoa nyota. Muda wa kampeni haulipwi. Kuingia kwenye mazungumzo, kujibu maswali, kurekebisha rasimu, kumfuata huyu na yule akudhamini, hiyo ni kazi kamili ya wiki nzima na zaidi, na ukikataliwa hakuna anayekurudishia hata hela ya bando. Mtu mwenye mshahara Marekani anaweza kuicheza hiyo kamari kwa raha zake, frilansa anayesubiri kodi ya nyumba hawezi, au afanye kidogo pembeni huku wateja wake wa kawaida kawashika.

Halafu kuna lile la Septemba 2023. Bei ya Noun sokoni ilikuwa imeshuka chini ya sehemu yake ndani ya hazina, kwa hiyo wajanja wakawa wananunua rahisi wakisubiri mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ukawekwa kihalali, kwamba asilimia 20 ya Noun zikikubaliana kujitenga zinaweza kuondoka na fungu lao. Walipoufungua ikatoka zaidi ya nusu, hazina ikapoteza kama dola milioni 27. Kwa sheria zao hakuna aliyeiba, walitumia haki yao, ila kwa sisi wabunifu maana yake ni kwamba zile bajeti za kufuru za 2022 sahau, sasa hivi wanahesabu. Binafsi naona ni afadhali, maana kuna mapendekezo yalipita zamani ukiyasoma unajiuliza walikuwa wanakunywa nini, lakini ndo uje na namba za kweli.

Wengine nao niwataje kidogo. Friends With Benefits, watu wa muziki na sanaa, ulihitaji kuwa na tokeni 75 za FWB na maombi yako yakubaliwe, na soko lilivyopanda 2021 hizo tokeni zilikuwa maelfu ya dola, hiyo kwangu ni klabu ya kupata watu wa maana na siyo ajira. BanklessDAO iliyoanza Mei 2021 ilikuwa na vikundi vya fani, waandishi huku, wabunifu kule, watafsiri pale, wazo tamu sana, ila malipo mengi yalikuwa kwa tokeni ya BANK na ile tokeni iliporomoka. Kuna DAO nyingine siitaji, ndogo, ilinilipa bango zima la matukio kwa tokeni zao wenyewe, kwenye skrini zinasoma dola safi kabisa, kwenda kuziuza hakuna mnunuzi, ukiuza kidogo tu bei inadondoka yenyewe mbele ya macho yako. Toka hapo swali langu la kwanza kwa DAO yoyote ni mnalipa kwa nini, na wakinijibu kwa tokeni yetu naomba nusu iwe USDC, wakikataa nalala zangu.

Gesi, yaani ada ya kila muamala kwenye blokicheni, nayo ni ugonjwa wake. Wanaokumbuka ConstitutionDAO ya Novemba 2021, watu 17,437 walichanga kama dola milioni 47 kununua nakala ya katiba ya Marekani pale Sotheby's, wakazidiwa dau, na ilipofika kurudishiana waliotoa kidogo wakakuta ada ya kurudisha inakula mchango wenyewe. Hazina ya Nouns iko Ethereum ileile, kwa hiyo ukilipwa angalia ada kabla hujahamisha, vizia muda mtandao umepoa, na raundi za hela ndogo chagua zile zinazolipia kwenye mitandao ya juu yake kama Base ambako ada ni senti.

Kutoa hela mpaka ifike kwenye simu watu wengi wanatumia P2P, yaani mtu kwa mtu, unauza USDC au USDT (nayo inafuata dola) mtu anakutumia hela kwa simu. Cheki jina lililotuma lifanane na jina la akaunti, na usiachie kripto kwa kuonyeshwa skrinishoti ya muamala, fungua salio lako mwenyewe uone. Kisheria ujue Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizi sarafu si fedha halali nchini na halijageuka kuwa baraka, ila TRA nao kupitia sheria ya fedha ya 2024 wameweka asilimia 3 ya zuio kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, kwa hiyo tuko kwenye ile hali ya mgeni hakaribishwi ila viatu vyake vinahesabiwa. Wakenya walikuwa na asilimia 3 ya kwao toka 2023 wakaiondoa 2025 wakahamia kwenye ushuru wa ada za majukwaa. Weka rekodi ya kila malipo na bei ya siku hiyo, faili la Excel tu linatosha.

Na ukishaanza kuonekana kwenye hizo kurasa, inboksi yako itajaa watu wenye picha ya miwani ya mraba wakijifanya ni timu ya malipo, wanataka uunganishe waleti uthibitishe ushindi wako. Yale maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti hakuna raundi inayoyahitaji, mwambie anwani yangu iko kwenye pendekezo, tuma. Tengeneza waleti ya kazi peke yake isiyokuwa na kitu kingine ndani. Mikutano yao ya sauti mingi inafuata saa za Marekani, saa sita mchana New York hapa Dar ni saa moja au saa mbili usiku, kwa hiyo mwambie shemeji mapema chakula atenge kabla, na ukipewa nafasi ya kuongea una dakika chache tu, anza kwa kuonyesha mchoro.