Seti ya Pedi na Diski za Breki katika Boksi Moja: Tathmini Baada ya Kuifunga Nyumbani

Seti hii huja na diski mbili za mbele, pedi nne, vibati vya chuma kisichoshika kutu vya kuwekwa mahali pedi zinapoteleza, na kifuko kidogo cha grisi, vyote katika boksi moja. Nimeifunga mwenyewe nyumbani kwenye gari dogo la abiria, kisha nikaitumia kwa muda wa kutosha, wakati wa jua na wakati wa mvua, kuweza kusema ni wapi mtengenezaji amefanya kazi nzuri na ni wapi amemwachia mnunuzi mzigo usio wake. Vyuma vyenyewe ni vizuri na vinastahili kununuliwa. Karatasi ya maelekezo haitoshi kwa mtu anayefanya kazi hii bila fundi, na kwa kuwa seti inatangazwa kuwa ni ya kujifungia nyumbani, ninahesabu upungufu wa maelekezo kuwa ni upungufu wa bidhaa.

Kununua pedi na diski pamoja si lazima kila mara. Diski ambayo bado ina unene wa kutosha, isiyo na nyufa wala mifereji mirefu, inaweza kupokea pedi mpya. Kila diski ina kikomo cha unene kilichochongwa au kupigwa mhuri na mtengenezaji, mara nyingi pembezoni au karibu na matundu ya boliti, na tofauti kati ya diski mpya na kikomo hicho ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani: diski yenye matundu ya hewa ambayo ni milimita 22 ikiwa mpya, kwa kawaida kikomo chake huwa karibu na milimita 20. Diski zangu za zamani zilikuwa zimekaribia kikomo na zilikuwa na ukingo uliosimama pembezoni, mahali ambapo pedi haifiki. Pedi mpya ikifungwa kwenye diski ya namna hiyo hugusa sehemu chache tu mwanzoni, hupata joto isivyo sawa, na mara nyingi huanza kulia kabla haijazoeana na chuma. Hapo ndipo seti kamili inapokuwa na maana, kwa sababu nyuso zote mbili zinaanza kuchakaa pamoja.

Diski ndizo sehemu bora kabisa ya seti hii. Zimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, kama zilivyo karibu diski zote za magari ya kawaida, lakini kitovu, pembezoni na njia za hewa za ndani zimepakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, huku nyuso za kusuguana zikiwa safi na tayari kwa kazi. Diski zisizopakwa kitu hupakwa mafuta mazito kiwandani ili zisishike kutu zikiwa stoo, na anayezifunga lazima ayaondoe yote kwa dawa ya kusafishia breki, maana mafuta yakiingia kwenye pedi huziharibu moja kwa moja. Hapa nilifuta nyuso kwa dawa hiyo kwa tahadhari tu. Nilipima unene mahali kadhaa kwa maikromita na sikuona tofauti ya kutia shaka. Rangi ya kitovu imedumu, na tofauti yake na diski zilizotangulia, ambazo zilikuwa na magamba mekundu ya kutu yaliyokuwa yakidondoka ndani ya rimu, inaonekana kwa macho kila ninapofungua tairi.

Hata hivyo, ubora huo unaweza kupotea wote katika hatua moja ambayo karatasi ya maelekezo imeigusa kwa mstari mmoja: kusafisha uso wa habu, yaani kile chuma cha katikati kinachozunguka na gurudumu, ambacho diski hukaa juu yake. Diski inabanwa kati ya habu na rimu, na uso wake wa ndani unategemea habu iwe safi na bapa. Gamba dogo la kutu, jembamba kuliko karatasi, likibaki hapo huiinamisha diski, na kuinama huko huongezeka kadiri unavyotoka katikati kwenda pembezoni ambako pedi zinashika. Watengenezaji wengi wa magari huruhusu diski iyumbe kwa takriban sehemu 5 za mia za milimita tu ikipimwa karibu na ukingo wake. Dereva hahisi lolote siku ya kwanza. Diski inayoyumba hupigapiga pedi katika sehemu ileile kila mzunguko, hata breki zikiwa hazijakanyagwa, na baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo huwa nyembamba kuliko nyingine. Hapo ndipo pedali inapoanza kudunda chini ya mguu na usukani kutetemeka, na mwenye gari husema kuwa diski zimepinda kwa joto na kwamba amenunua vyuma vibovu. Mara nyingi diski haikupinda. Ilifungwa juu ya uchafu. Nimesoma malalamiko mengi ya wanunuzi wa seti za aina hii kuhusu mtetemeko uliochelewa kutokea, na ninaamini sehemu kubwa inatokana na hatua hii. Brashi ya waya na msasa vinatosha, mradi mtu awe na subira ya kusugua hadi chuma cheupe kionekane pande zote za kila stadi (boliti ya habu inayoshikilia gurudumu), kisha apitishe kidole kuhakikisha hakuna kinachokwaruza. Mtengenezaji aliyejitahidi kunyoosha diski kwa usahihi huo alipaswa kuitolea hatua hii ukurasa mzima wenye picha.

Pedi ni za seramiki. Faida yake niliiona mapema: vumbi ni kidogo na la rangi nyepesi, kwa hiyo rimu hazigeuki nyeusi kama zilivyokuwa na pedi za zamani zenye unga mwingi wa chuma, na hakuna kelele wakati wa kusimama polepole. Kwenye mgongo wa pedi pametiwa alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya idhini ya kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hutaka pedi za badala zishike kwa kiwango kisichotofautiana na cha pedi za asili kwa zaidi ya asilimia 15. Huo ni ushahidi wenye uzito kuliko maneno yoyote ya sifa yaliyoandikwa kwenye boksi. Zipo pia herufi mbili, FF, za mfumo unaotumika sana Marekani, ambapo herufi ya kwanza huonyesha kiwango cha msuguano katika joto la kawaida na ya pili katika joto kali. F ina maana ya kati ya 0.35 na 0.45. Mtu anayebeba mizigo mizito au anayeteremka milima mirefu kila siku angefikiria pedi za nusu metali, ambazo huvumilia joto kali vizuri zaidi, ingawa huchafua zaidi. Kwa gari la kawaida la familia sikuona upungufu wowote.

Vibati vipya vya kuteleza ni jambo la kushukuru, kwa kuwa pedi nyingi huuzwa bila hivyo na watu hurudishia vya zamani. Lakini kibati kipya kikiwekwa juu ya kutu hubana, na pedi iliyobanwa hairudi nyuma mguu unapoachia pedali. Upande mmoja huchakaa haraka na gurudumu hupata joto bila sababu. Ni lazima kukwangua chini ya kila kibati hadi pedi iingie kwa kusukumwa na vidole tu, bila nyundo. Kifuko cha grisi ndicho kilichonisikitisha zaidi, kwa sababu hakina maandishi yoyote yanayosema ni grisi ya aina gani. Pini za kalipa, yaani kibano kinachozikandamiza pedi kwenye diski, zinakaa ndani ya vifuniko vya mpira, na grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mpira huo hadi pini zinakwama. Sikuitumia. Nilitumia grisi ya silikoni kwenye pini na grisi ya kuvumilia joto, kwa kiasi kidogo sana, kwenye masikio ya pedi (ncha zake zinazoteleza ndani ya vibati), na ningemshauri kila mnunuzi afanye hivyo hadi mtengenezaji atakapoandika kilichomo.

Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwenye vifaa na utulivu. Gari likae kwenye stendi imara, kamwe lisitegemee jeki peke yake. Kalipa ikishafunguliwa ifungwe kwa waya juu, isiachwe ining'inie kwenye hosi ya breki. Pistoni, yaani kipande cha ndani ya kalipa kinachoisukuma pedi, irudishwe polepole huku kifuniko cha tangi la mafuta ya breki kikiwa kimefunguliwa na kiwango kikiangaliwa, kwa sababu mafuta hupanda, na yakimwagika hula rangi ya gari. Vumbi la zamani lisipulizwe kwa hewa. Liloweshwe kwa dawa ya kusafishia na kufutwa. Pedi yenye ulimi wa kutoa mlio wa onyo iwekwe upande na mwelekeo ulioonyeshwa. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ina michoro ya mambo haya, midogo lakini inayosomeka, ila haina hata namba moja ya nguvu ya kukazia boliti. Ninaelewa kwamba seti hutoshea magari kadhaa na namba hutofautiana. Jedwali dogo lingetosha. Boliti ya pini ya kalipa mara nyingi hukazwa kwa nguvu ndogo sana kuliko boliti za bano linaloishikilia kalipa, na mtu akizikaza zote kwa kiwango kimoja anaweza kukata moja au kuiacha nyingine ikiwa legevu. Kitabu cha ukarabati cha gari husika na spana ya kupimia nguvu ni vitu ambavyo sikuona njia ya kuvikwepa.

Jambo jingine ambalo halikutajwa kabisa ni kukanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea. Pistoni zikiwa zimerudishwa nyuma, pedali huzama hadi chini bila kushika chochote, na gari likiondoka katika hali hiyo breki hazipo pale zinapohitajika mara ya kwanza. Kukosekana kwa onyo hilo katika bidhaa inayolenga watu wasio mafundi ni kosa ambalo siwezi kulisamehe kwa sababu ya ufinyu wa karatasi.

Kuhusu kuzizoesha pedi, maelekezo yanasema tu dereva asikanyage kwa nguvu mwanzoni. Nilifuata utaratibu unaojulikana: barabara iliyo wazi, kupunguza mwendo kwa kiasi kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu na 10, takriban mara kumi, kwa nafasi kati ya moja na nyingine, bila kusimama kabisa breki zikiwa moto, kisha kuendesha bila kukanyaga hadi zipoe. Utando mwembamba wa pedi ukajipaka sawasawa kwenye diski, na tangu hapo gari linasimama kwa mstari ulionyooka, pedali ikiwa imara na usukani ukiwa umetulia.

Kwa magurudumu ya mbele ya gari la kawaida, ninaipendekeza seti hii kwa mtu aliye tayari kutafuta mwenyewe namba za kukazia na grisi sahihi. Mtengenezaji huyohuyo anauza seti ya nyuma kwa maelezo yaleyale, na hiyo siipendekezi kwa kujifungia nyumbani bila maandalizi zaidi: kalipa nyingi za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake huwa na pistoni inayorudishwa kwa kuzungushwa kwa kifaa maalumu, na zenye breki ya mkono ya umeme lazima kwanza ziwekwe katika hali ya matengenezo, la sivyo mota yake inaweza kuharibika.