Uzoefu wangu na rejesta ya misimbo ya lugha ya IANA

Anayejenga rejesta kuu ya viwango vya data, iwe ya wizara, ya hospitali au ya chuo, aanze kwa kusoma faili moja la maandishi matupu: language-subtag-registry la IANA, taasisi inayotunza misimbo ya intaneti. Ndilo linaloidhinisha kwamba Kiswahili ni sw, Tanzania ni TZ, herufi za Kilatini ni Latn. Kanuni zake zimo katika RFC 5646, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2009. Mimi nalitumia kukagua lebo za lugha katika data inayoingia, na naliamini kuliko rejesta nyingi zenye tovuti za kupendeza.

Mstari wa kwanza ni File-Date, yaani tarehe ya toleo. Rekodi hutenganishwa kwa %%, na kila kipengele ni jina, nukta mbili, thamani. Programu fupi inatosha kulisoma, ila thamani ndefu huendelea mstari wa pili unaoanza na nafasi. Usipoiunganisha, maelezo yanakatika. Description, yaani maelezo, huweza kujirudia ndani ya rekodi moja. Subtag, yaani msimbo wenyewe, nayo huweza kuwa mfululizo mzima, kama qaa..qtz iliyotengwa kwa matumizi binafsi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye ufunguo wa jedwali, yaani kitambulisho cha kila rekodi. Ukitumia Subtag peke yake, swc ya Kiswahili cha Kongo, ambayo imo mara mbili, kama language (lugha) na kama extlang (kipande cha kuongezwa baada ya msimbo wa lugha), itajifuta yenyewe bila onyo lolote. Tena herufi kubwa na ndogo huhesabiwa sawa, hivyo ug ya Kiuyguri inagongana na UG ya Uganda, na rw ya Kinyarwanda na RW ya Rwanda. Ufunguo uwe Type (aina ya msimbo: lugha, nchi na kadhalika) pamoja na Subtag.

Kinachonifanya niisifu rejesta hii ni kwamba msimbo ukishaingia hautolewi. ZR ya Zaire bado imo: Deprecated (umeachwa) 1997-07-14, Preferred-Value (msimbo wa kutumia badala yake) CD, ya Kongo ya Kinshasa. Nyaraka za enzi zile zinaendelea kusomeka. Taasisi inayofuta kiwango cha zamani siku inapoidhinisha kipya inaziacha data zake bila wa kuzifasiri, na hilo halina sababu kabisa. Angalia tu kwamba Preferred-Value haipo kila mara: YU ya Yugoslavia haina, kwa kuwa nchi iligawanyika. Rekodi za namna hiyo zipelekwe kwa mtu aamue, programu isibahatishe.

Kwa Kiswahili chenyewe, sw ni lugha mwavuli, na chini yake imo swh, ya Kiswahili kama lugha moja mahususi, na swc, kupitia kipengele Macrolanguage. Matini ya Lubumbashi yaweza kuandikwa sw-CD au swc. Chagueni moja mapema, maana utafutaji wa kawaida wa sw unalinganisha mwanzo wa lebo kipande kwa kipande. Unaipata sw-CD na kuikosa swc.

Upungufu: ndani ya faili hakuna orodha ya mabadiliko. Linganisha File-Date, hifadhi nakala ya kila toleo ulilopakua, kisha tafuta tofauti mwenyewe.

Maombi ya msimbo mpya hujazwa kwenye fomu, hutumwa katika orodha ya barua pepe iliyo wazi kwa umma, hujadiliwa kwa wiki 2, kisha mkaguzi aliyeteuliwa huamua. Utaratibu huu ungeweza kuanza kesho katika ofisi yoyote yenye barua pepe.