Tahadhari: "Sarafu ya Kilwa ya 1299" inayouzwa Kisumu

Wadau wa sarafu za kale, kuna jamaa anazunguka Kisumu, hasa Kibuye siku za Jumapili, akiuza "sarafu ya Sultani wa Kilwa". Mimi ameshanikamua 18,000. Someni kabla hamjatuma chochote.

Maneno yake matamu. Babu yake, anasema, aliiokota Mumias akichimba msingi wa nyumba, na mwaka wake umo: 1299, kwa tarakimu za Kiarabu. Ukipiga hesabu, miaka zaidi ya 700! Tarakimu nilizisoma mwenyewe, maana madrasani tulichapwa mpaka tukazijua, na kweli ni 1299. Juu yake pana mizani, anayoiita alama ya haki ya sultani. Upande wa pili umefunikwa na kutu ya kijani, eti ushahidi wa ukale. Tamaa ikanishika, nikasahau kuuliza 1299 ya kalenda gani.

Nyumbani nikaichovya kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Beseni zima likawa kijani, na chini ya rangi hiyo likatokea jina la Barghash.

Basi 1299 ni ya Hijria, kalenda ya Kiislamu. Kwa Miladi ni kama 1882, Barghash bin Said akitawala Zanzibar. Nimeuziwa sarafu ya shaba iitwayo pesa (ndiyo, hata neno letu "pesa" limetokana na paisa ya Wahindi), iliyotolewa kwa wingi na isiyo adimu hata leo. Sarafu za Kilwa, kama zile za Ali bin al-Hasan, haziandikwi mwaka. Ni vipande vidogo vya shaba, jina la sultani upande mmoja, kumtaja Mungu upande mwingine, na maneno ya pande hizo mbili yana vina. Ukionyeshwa "ya Kilwa" yenye mwaka, ondoka. Na kutu ya kweli ya shaba huwa imeshikana na shaba yenyewe, haikimbii sabuni.

Kinachoniuma ni kwamba pesa ya Barghash kupatikana Mumias si ajabu hata kidogo. Misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika kule kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga. Angeiita kwa jina lake ningeinunua, kwa bei yake.

Nilipompigia kudai, akanitumia picha ya riale ya 1780, sarafu ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, eti niongeze 7,000 tumalizane. Huyo malkia alifariki 1780, na riale zake zikaendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, kwa hiyo mwaka huo peke yake haukuambii umri. Nikamjibu hivyo. Tangu hapo simu yangu haipokei.

Ombeni picha safi za pande zote mbili, na msitume amana ya M-Pesa kabla ya kuishika sarafu mkononi. Jana mwenzangu wa Nakuru kanitumia picha aliyoletewa: mizani ileile, 1299 ileile. Sasa inaitwa ya Malindi, na bei ni 25,000.