Tahadhari: Tairi chakavu zinazouzwa Arusha kama mpya kwa ahadi ya kufungiwa bure

Ninawaandikia madereva, wamiliki wa magari ya utalii na yeyote mwenye Land Cruiser, Hilux, Patrol au gari jingine la porini, hasa walioko Arusha na Moshi, kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa tairi anayejitangaza kupitia makundi ya WhatsApp ya madereva. Hana duka lenye kibao. Hutuma picha za tairi za A/T, yaani za lami na porini, zilizozungushiwa nailoni ya rangi, hutaja bei iliyo chini ya ile ya madukani kwa karibu theluthi moja, kisha humwelekeza mteja kwa fundi pancha pembezoni mwa mji, ambako tairi huletwa kwa pikapu na kufungwa papo hapo bila malipo ya ziada. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yamekwisha kufikishwa polisi, lakini mbinu anazotumia zinaweza kutumiwa na mwingine yeyote, na ndizo ninazotaka zifahamike.

Kinachowavuta wengi ni huko kufungiwa bure, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo utapeli wenyewe. Tairi ikiwa bado iko chini, mnunuzi anaweza kuizungusha, kuingiza mkono ndani, kusoma pande zote mbili na kuikataa. Ikishavishwa rimu, ikajazwa upepo na nati zikakazwa, ubavu unaotazama chini ya gari hausomeki kirahisi, tumbo la tairi halionekani kabisa, na muuzaji tayari ana jibu lake: umeshaitumia.

Gari mojawapo la kampuni ninakofanya kazi lilifungwa tairi nne za namna hiyo, za ukubwa wa 265/70R16. Kwenye lami ya Makuyuni halikuonyesha tatizo lolote. Mambo yaliharibika baada ya kuiacha lami Mto wa Mbu na kushika njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, yenye mawe makali na vumbi la volkano, ambako kashata, yaani mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara, za tairi moja ya nyuma zilibanduka kwa kipande kirefu na kulichapa bodi hadi madigadi ikapinda. Wageni na dereva walikuwa salama. Tairi zilipovuliwa rimu gereji, ile iliyobanduka ilikutwa na tarakimu 1214, nazo zilikuwa zimegeuziwa ndani. Mbili zilikuwa zimekwanguliwa mahali pa tarakimu hizo hizo kwa msasa, kisha zikapakwa rangi nyeusi. Na ya nne ilikuwa na kiraka kikubwa kwa ndani, ubavuni, mahali ambapo fundi mwaminifu hukataa kuziba kwa sababu ubavu hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka.

Tarakimu nne zinazomalizia mstari unaoanza na herufi DOT hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 1214 ni wiki ya 12 ya mwaka 2014. Tairi nyingi huwa na mstari kamili upande mmoja tu, na upande wa pili mstari huishia kabla ya tarehe, jambo ambalo si kosa la kiwandani. Kosa ni la muuzaji anayemwonyesha mnunuzi upande huo peke yake. Kampuni ya Michelin hushauri tairi ibadilishwe inapofikisha miaka 10 tangu itengenezwe hata kama bado inaonekana nzima, kwa sababu mpira hukauka hata ukiwa stoo. Tairi iliyokwanguliwa tarehe isijadiliwe bei, iachwe.

Udanganyifu unaohitaji jicho kali zaidi ni wa tairi ya kuchongwa, yaani tairi kipara iliyochimbwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Kwenye mifereji ya tairi halisi kuna vituta vidogo vya mpira vinavyokatiza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, vyenye kimo cha milimita 1.6, na mahali vilipo huonyeshwa begani mwa tairi kwa herufi TWI au pembetatu ndogo. Kashata zikilika hadi kulingana na vituta hivyo, tairi imekwisha. Mchongaji hupitisha kisu katikati ya mfereji na kuvikata, kwa hiyo ifuate alama ya TWI kwa kidole mpaka ndani ya mfereji, na usipokikuta kituta, fahamu kwamba tairi hiyo imechongwa. Tazama pia sakafu ya mfereji: ya kiwandani ni laini na ina kina kinacholingana, ilhali ya kisu huwa na mikwaruzo, hupanda na kushuka, na wakati mwingine nyuzi za chuma huonekana. Katika tairi mojawapo tulikuta kokoto imekwama kwenye mfereji, nayo imepakwa rangi nyeusi pamoja na tairi. Wapo watakaokwambia kwamba kuchonga ni halali, na ni kweli kwa baadhi ya tairi za malori zenye neno REGROOVABLE ubavuni, kwa kuwa hizo huwekewa mpira wa akiba kwa ajili hiyo. Za magari yetu hazina akiba hiyo.

Muuzaji huyu huuza pia tairi ambazo kweli ni mpya, lakini si za kazi iliyokusudiwa. Tairi mbili zinaweza kuandikwa 265/70R16 na zikatofautiana sana kwa nguvu. Yenye namba 112 baada ya ukubwa hubeba hadi kilo 1,120, wakati ile inayoanza na herufi LT na kuandikwa 121/118 hubeba kilo 1,450 ikiwa peke yake upande wake wa ekseli. Kwa gari lililorefushwa bodi, lenye abiria, mizigo na madumu ya mafuta, tofauti hiyo si ndogo, na jibu la muuzaji kwamba “saizi ni ile ile” halitoshi.

Wakati wa kufunga, simama karibu na fundi. Ukimwona anatia mpira wa ndani kwenye tairi iliyoandikwa TUBELESS, yaani isiyohitaji mpira huo, simamisha kazi, kwani mara nyingi hufanya hivyo kuficha ukingo uliokatika au tundu linalovuja. (Rimu za vipande zenye tairi za 7.50R16 ni jambo jingine, kwa kuwa hizo hutumia mpira wa ndani na flapu kwa kawaida yake.) Hesabu tairi zako za zamani, na ikague spea kabla ya kuondoka, kwa sababu spea yetu nzuri ilibadilishwa bila dereva kuambiwa.

Malipo hudaiwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, yenye jina tofauti na la muuzaji. Sisitiza upewe risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, inayotaja aina, ukubwa na idadi ya tairi, si neno “vipuri” peke yake. Aliyekwisha kutapeliwa anaweza kupeleka malalamiko polisi, na pia Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kushughulikia bidhaa bandia. Jambo moja la haraka: alipopigiwa simu, muuzaji alikubali kubadilisha tairi zetu kwa sharti kwamba zile mbovu zirudishwe kwanza. Msikubali sharti hilo. Zipigeni picha pande zote mbili na ndani, mzifungie stoo pamoja na risiti na ujumbe wa WhatsApp, na msizitoe kwa yeyote isipokuwa kwa mpelelezi aliyeziandikia hati ya kuzipokea.