Vipindi sita vya ushauri wa ndoa, na swali ambalo sikuwahi kuulizwa

Nimeolewa miaka mitatu, na karibu muda wote huo tendo la ndoa lilikuwa maumivu kwangu. Naandika kwa wanaojiuliza kama ushauri huu wa wanandoa Wakristo unafaa. Unaendeshwa na mchungaji pamoja na mkewe, ambaye ni muuguzi. Sisi tumemaliza vipindi sita kati ya vinane.

Kabla ya hapo tulishaombewa sana. Mahali pamoja niliambiwa nina roho ya kukataa. Nikafunga siku tatu, na usiku wa nne nikalia kama kawaida. Kumbe yule mama muuguzi alikuwa na swali tofauti: "Mwanangu, maumivu yanaanzia wapi, mlangoni au ndani?" Aibu ilinifunga mdomo. Akachora kwenye karatasi, akanipa kalamu, nikaweka alama. Mlangoni. Akanieleza kwamba misuli ya uke inaweza kujibana yenyewe bila mtu kutaka, kama jicho linavyofumba likirushiwa vumbi, na kwamba hali hiyo inaitwa vajinismasi na inatibika. Akanituma kwanza kwa daktari wa wanawake nipimwe kama kuna maambukizi au tatizo lingine, kisha kwa mtaalamu wa mazoezi ya misuli ya nyonga. Mume wangu alinishika mkono. Siku zote alidhani simpendi.

Kilichotusaidia zaidi ni zoezi la kugusana. Lilitokana na watafiti wawili wa Marekani, William Masters na Virginia Johnson, waliolieleza mwaka 1970: mnagusana kwa zamu, mkiwa mmekubaliana kwamba tendo lenyewe halipo kabisa, na mwanzoni hata matiti na sehemu za siri haziguswi. Katazo hilo ndilo lililonifungua. Zamani nikiguswa bega tu, mwili wote unakaza, maana najua kinachofuata. Wiki ya pili nilipitiwa na usingizi mkono wake ukiwa mgongoni mwangu, na asubuhi hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.

Mchungaji naye nampa heshima yake kwa 1 Wakorintho 7. Wengi hurukia "Msinyimane" ya mstari wa 5, tena wakimtazama mke. Yeye alianzia mstari wa 3, "Mume na ampe mkewe haki yake", akamuuliza mume wangu haki hiyo ni ipi iwapo mke anaumia. Tulikaa kimya muda mrefu.

Kipindi cha nne kilinichosha: maonyo marefu kuhusu picha za ngono, bila kutuuliza kama yanatuhusu. Chumba nacho hakifai. Ukuta ni mwembamba, unasikia watu wakiongea nje, nami nikawa nanong'ona mambo ambayo hata kuyanong'ona ni kazi. Watafute chumba kingine, tafadhali.

Nawapa nyota nne. Maumivu hayajaisha, yamepungua. Mkienda, ombeni kila mmoja aonwe peke yake japo mara moja. Wanakubali, ila wenyewe hawasemi. Mume wangu alizungumza kule yale asiyoweza kuyasema mbele yangu, na siku mbili baadaye akaniambia mwenyewe nyumbani, taa ikiwa imezimwa.